Kilomita ngapi, na nani alishika jembe?

Uzi. Humu hakuna jina la mwanasiasa wala chama, kwa hivyo ugomvi wa timu wekeni kando.

1. Kila mjadala wa barabara hapa Kenya huishia kwa kilomita: nani aliweka lami, nani alituachia murram. Kibarua aliyesimama na bendera katikati ya barabara, matatu zikimpita mbio, hatajwi kabisa. Naona hili lina historia ya zaidi ya miaka 100.

2. Tuanzie huku kwetu Karungu. Kabla ya Kisii kuchukua nafasi hiyo mwaka 1907, kituo cha utawala wa kikoloni kilikuwa hapa ufuoni. Sheria ya 1912 iliwapa machifu nguvu ya kuwaita wanaume kazi za barabara bila malipo, hadi siku 24 kwa mwaka. Mwaka 1920 zikaja siku 60 za kazi ya serikali: kwa malipo, lakini kwa lazima. Kazi ya shuruti ilikuwa moja ya malalamiko yaliyozaa Piny Owacho mwaka 1921. Yaani wazee wetu walijadili barabara wakianza na mfanyakazi.

3. Sheria ya usalama kazini ya 1951 ilikuwa ya viwanda, jina lenyewe linakuambia. Kanuni za kazi za ujenzi zilitoka 1984. Jina la sheria likaongezwa "maeneo mengine ya kazi" mwaka 1990. Na katikati hapo, 1974, ulianza mpango wa barabara za mashambani: wanakijiji wakachimba kwa jembe, sururu na karai. Pesa ilibaki kijijini, hilo ni zuri. Lakini barabara ikishafunguliwa, mtu mmoja alipewa kipande chake cha kutunza, peke yake, magari yakipita.

4. Mwaka 2007 zikaja sheria mbili. Moja inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na penye wafanyakazi 20 au zaidi kuwe na kamati ya usalama. Nyingine inamtaka awe na bima. Mfanyakazi akifa kazini, fidia ni mapato ya miezi 96. Hii ya pili ilibishaniwa kortini mpaka Mahakama ya Juu ikaamua Desemba 2019.

5. Najua mtaniambia: "Sheria iko, shida ni madereva." Madereva wana makosa, sikatai. Lakini koni, vibao na watu wa kuongoza magari ni gharama. Kontrakta aliyeshinda tenda kwa bei ya chini atapunguza wapi? Na barabara ikiharakishwa iishe kabla ya uchaguzi, nani anafanya kazi gizani? Kibarua wa kulipwa kwa siku, bila barua, jina lake likiwa kwa daftari ya nyapara tu, akigongwa tutahesabu mapato yapi ya miezi 96?

6. Kwa hivyo mgombea akija Sori kuahidi lami, muulizeni matatu: Pesa ya usalama kwenye tenda italindwaje isikatwe? Vibarua wataandikishwa wapi? Mkaguzi atafika mara ngapi?

Na kama umewahi kushika bendera barabarani, tuambie: buti na reflekta ulinunuliwa, au ulijinunulia?