Mkataba wa Madaktari Uliokosa Muhuri wa Korti

Jumatatu ya Februari 13, 2017, viongozi saba wa chama cha madaktari, KMPDU, waliingia kortini jijini Nairobi wakiwa huru, wakatoka wakielekea gerezani. Mwenyekiti Samuel Oroko, katibu mkuu Ouma Oluga na wenzao watano walifungwa mwezi mmoja kila mmoja kwa kudharau mahakama. Hawakufungwa kwa kumtibu mgonjwa vibaya. Kosa lao lilikuwa kukataa kusitisha mgomo ambao mahakama ilikuwa imeamuru ukome.

Karibu muongo mmoja baada ya mgomo ule, Wakenya wengi wanakumbuka wodi zilizobaki tupu na wagonjwa waliorudishwa nyumbani bila huduma. Wachache wanakumbuka kwamba vita vile vilianzia kwenye karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na madaktari wa Kenya walijifunza maana ya methali hiyo kwa njia chungu.

Kwa miaka mingi daktari wa hospitali ya umma hakuwa na wa kumtetea kuhusu mshahara na saa za kazi. Chama cha Kitabibu cha Kenya, KMA, kimekuwapo tangu 1968, lakini hicho ni chama cha taaluma. Hakina mamlaka ya kisheria ya kuketi mezani na mwajiri kujadili malipo. Mwaka 1994, enzi ya Rais Daniel arap Moi, madaktari waligoma kwa miezi kadhaa wakitaka pia chama chao cha wafanyakazi kisajiliwe. Serikali ilikataa. Mlango ulifunguliwa na Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Mwaka uliofuata KMPDU ikasajiliwa, na kabla ya 2011 kuisha madaktari walikuwa wamekwisha kugoma mara ya kwanza chini ya bendera yake.

Juni 27, 2013, chama hicho kilitia saini mkataba wa pamoja na Wizara ya Afya. Ulizungumzia mishahara, saa za kazi, mafunzo, utafiti na vifaa vya hospitali. Madaktari walishangilia. Lakini Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007 inasema wazi kwamba mkataba wa aina hiyo hauna nguvu mpaka usajiliwe na mahakama inayoshughulikia mambo ya ajira, na jukumu la kuupeleka huko ndani ya siku 14 limewekwa juu ya mwajiri. Siku 14 zikapita. Miezi ikapita. Miaka mitatu ikapita, na mkataba ukiwa bado hauna muhuri.

Kulikuwa na tatizo la pili. Serikali za kaunti zilizaliwa na uchaguzi wa Machi 2013, na huduma nyingi za afya zikahamishiwa huko. Basi daktari aliyedai haki yake aliambiwa na wizara kwamba mwajiri wake ni gavana. Alipomwendea gavana, aliambiwa kwamba kaunti haikutia saini chochote. Nani basi alikuwa na deni? Swali hilo halikuwa la kitabibu. Lilihitaji wakili aliyekaa na katiba mkononi tangu siku ya kwanza ya mazungumzo, kabla kalamu haijashikwa.

Desemba 5, 2016, madaktari waliweka chini vifaa vyao. Walidai mkataba wa 2013 utekelezwe kama ulivyoandikwa, pamoja na nyongeza ya mshahara iliyofika asilimia 300. Serikali ikasema mkataba ule haukuwa halali. Januari 12, 2017, Jaji Hellen Wasilwa wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba aliwahukumu viongozi wale wa KMPDU kifungo cha mwezi mmoja kwa kukaidi amri ya kusitisha mgomo, akakiahirisha ili wapate nafasi ya kumaliza mgomo. Muda ukaongezwa, mazungumzo yakakwama, na Februari 13 jaji akaamuru kifungo kianze.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kukumbukwa zaidi. Kabla ya hapo, wengi waliuona mgomo kama ugomvi wa mishahara. Milango ya gereza ilipofungwa, hata madaktari wasiolipwa na serikali waliingia uwanjani: KMA iliwataka wanachama wake katika hospitali za kibinafsi wasitishe huduma kwa saa 48. Taaluma nzima ikasimama nyuma ya watu saba.

Mawakili nao wakajitokeza. Chama cha Mawakili wa Kenya, LSK, kikiongozwa na Isaac Okero, pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, walijitolea kusimamia mazungumzo. Februari 15, Mahakama ya Rufaa iliwaachilia viongozi hao ili majadiliano yaendelee chini ya usimamizi wa taasisi hizo mbili. Watu waliokuwa wamelala gerezani siku mbili tu kabla wakarudi mezani, safari hii wakiwa na watu wanaoijua sheria kando yao. Viongozi wa dini pia walisaidia kuziba nyufa zilizobaki. Machi 14, siku ya 100 ya mgomo, makubaliano ya kurudi kazini yalitiwa saini.

Siku 100 ni nyingi mno kwa mama mjamzito wa Turkana au mgonjwa wa saratani wa Kisii, na hakuna hoja ya kisheria inayoweza kumrudisha aliyekufa akisubiri daktari. Hapo ndipo uchungu wa kisa hiki ulipo: mkataba ungesajiliwa kwa wakati mwaka 2013, au ungepingwa kortini mwaka huo huo, mgonjwa asingelipia deni la karatasi.

Tangu hapo mambo yamekwenda kwa mtindo ule ule. Mkataba mpya wa 2017 hadi 2021 ulipatikana, kisha ukazaa mzozo wake. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8, na kiini cha ugomvi kilikuwa tena karatasi: madaktari wanagenzi walidai Sh206,000 kwa mwezi kwa mujibu wa makubaliano ya 2017, huku serikali ikitoa Sh70,000.

Somo hili halimhusu daktari wa serikali peke yake. Mwenye kliniki ndogo ya Githurai au zahanati ya Likoni hupangisha jengo, huajiri wauguzi, huhuisha leseni na hutia saini mikataba ya bima. Wengi hufanya hayo yote bila kumwonyesha wakili hata ukurasa mmoja, kisha humtafuta wakiwa na barua ya mashtaka mkononi. Sheria ya Madaktari na Madaktari wa Meno imekuwapo tangu miaka ya 1970, na anayeitwa mbele ya baraza la taaluma kujibu malalamiko ana haki ya kujitetea. Haki hiyo ina thamani kwa yule aliyejiandaa.

Vyuo vyetu vinamfundisha daktari kupasua, kushona na kuandika dawa kwa miaka sita. Vimpe pia somo la kusoma mkataba, na KMPDU ihakikishe kila makubaliano inayotia saini yanafika kortini kabla wino haujakauka. Nawe, daktari unayeanza kazi mwaka huu, kabla hujaweka jina lako chini ya ukurasa wowote, uliza swali moja: mkataba wa pamoja unaokuhusu umesajiliwa?