Marejeo ni Ngamani: Kumbukumbu ya Sakafu ya Ziwa

Wahenga wa mwambao walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Usemi huo wa mabaharia wawafaa pia wachunguzi wa chini ya maji, kwani elimu yao imo katika kurejea. Mpiga mbizi hupiga picha ya kipande cha mwamba wa matumbawe, akarudi mwakani na mwaka wa tatu akapiga pale pale. Mwaka 1998, maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipozidi joto na matumbawe yakapauka, wenye picha za zamani ndio walioweza kueleza kilichopotea.

Bara, kusini mwa Ziwa Victoria, kazi ya namna hiyo ilifanywa kwa chombo kingine, maana maji ya huko yana ukungu na jicho haliifikii sakafu. Ghuba ya Mwanza, upande wake wa magharibi, imepakana na Sengerema, jirani na ukanda wa dhahabu wa Geita unaoteremka hadi Kahama mkoani Shinyanga. Kuanzia 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, akiwamo Frans Witte, wakishirikiana na Watanzania, walikokota nyavu chini ya ghuba hiyo wakirejea vituo vile vile. Samaki waliopatikana walihifadhiwa kwenye chupa. Lakini dawa ya kuhifadhia hufifisha rangi, na rangi ya samaki huyo ilikuwa jambo kubwa. Ndiyo maana picha ilipigwa angali mbichi.

Samaki mwenyewe ni furu, mdogo kwa umbo na mwingi kwa aina: ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500. Uchunguzi wa 1969 hadi 1971 ulionyesha kwamba furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini. Mwaka 1976 Mwanza ilipata kiwanda cha kuwasaga kuwa unga wa chakula cha mifugo. Hakuna aliyedhani wangekwisha.

Sangara alikuwa amepandikizwa kaskazini mwa ziwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika miaka ya 1980 alifurika Ghuba ya Mwanza, na nyavu zilizokuwa zikijaa furu zikapanda na sangara. Waliokuja kusoma uhai wakajikuta wanaandika tanzia. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza sababu nyingine: furu jike humchagua dume kwa rangi, na maji yakichafuka rangi haionekani, aina zikachanganyika.

Sangara alipopunguzwa na uvuvi, baadhi ya furu walirudi, lakini hawakurudi kama walivyoondoka. Aina moja ilikuwa na matamvua mapana zaidi, yaifaayo maji yenye hewa haba. Hilo lilijulikana kwa kuwa samaki wa zamani walikuwa bado chupani, wakapimwa kando ya wapya. Bila chupa zile, furu aliyebadilika angedhaniwa kuwa ndiye yule yule wa siku zote.

Hapo ndipo dhahabu inapoingia. Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama husaga mawe kwenye makarasha, wakakamata dhahabu kwa zebaki, kisha wakaichoma. Sehemu ya zebaki hupaa na moshi, nyingine hubaki katika marudio na kusombwa na mvua. Ikifika kwenye tope la chini ya maji, vijidudu huigeuza kuwa sumu inayopanda kutoka mlo hadi mlo: kwa mdudu, kwa samaki, kwa mlaji. Uchunguzi uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuhusu machimbo ya Rwamagasa, Geita, ulikuta samaki wa Ghuba ya Nungwe wana zebaki kidogo. Ni habari njema, lakini ni picha ya siku moja. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Kama mkataba huo unafaa kitu, jibu halitapatikana katika karatasi zake. Litapatikana kwa mtu atakayerudi Nungwe, mahali pale pale, akachota tope na kulipima, na mwakani akarudi tena. Ngama, hata hivyo, ndiyo sehemu ya chombo ambako maji yaliyovuja hujikusanya.