Tanzania: Kwa nini meza mpya ya msindano hupinda

Malori yanayoondoka Mafinga, wilayani Mufindi mkoani Iringa, hubeba mbao za misindano ambazo nyingi zilikuwa magogo siku chache kabla. Eneo hilo lina shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko yote ya serikali nchini Tanzania. Anayezinunua mbao hizo na kuzifikisha moja kwa moja kwa seremala hununua na maji, nayo maji huendelea kutoka wakati samani imekwisha kulipiwa.

Unyevu wa mbao hupimwa kwa kulinganisha uzito wa maji na uzito wa ubao uliokaushwa kabisa. Kipande chenye kilo 12 kikiwa kibichi na kilo 6 kikiwa kikavu kabisa kilikuwa na unyevu wa asilimia 100, kiwango kisicho cha ajabu kwa msindano. Maji yaliyojaa katika vitundu vya mti hutoka kwanza, na ubao hupungua uzito tu. Husinyaa unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30, maji ya ndani ya kuta za nyuzi yanapoanza kutoka. Kusinyaa kwa kufuata mzunguko wa pete za mti ni karibu mara mbili ya kule kwa kutoka kwenye kiini kuelekea gome. Tofauti hiyo ndiyo inayoukunja ubao mpana. Ubao wenye kiini ndani yake hupasuka karibu kila mara, na haufai kwa uso wa meza.

Kuanika mbao juani ili kuharakisha kazi huleta hasara. Ngozi ya nje hukauka na kukaza huku ndani kukiwa bado na maji. Nyufa hutokea, na wakati mwingine ubao unaopasuliwa hujifunga na kuubana msumeno. Kuzilundika bila nafasi nako huzaa ukungu wa buluu, ambao haupunguzi sana nguvu ya msindano bali hushusha bei yake.

Mbao hupangwa kivulini, juu ya magogo yaliyoinuliwa kutoka ardhini, zikitenganishwa kwa fito kavu zenye unene wa sentimita 2 hadi 2.5. Fito hukaa kila baada ya nusu mita hivi, moja juu ya nyingine kwa mstari ulionyooka; zikipishana, ubao hujipinda kwa kuzifuata. Ncha hupakwa rangi, kwa kuwa maji hutoka huko upesi zaidi, na vitu vizito huwekwa juu ya rundo. Baridi na ukungu wa Mufindi hurefusha muda huo.

Mafundi wengi huamua kwa kugusa, ilhali uso wa ubao ni shahidi asiyeaminika. Afadhali kupima uzito wa ubao mmoja huo huo kila wiki: usipopungua tena, umelingana na hewa ya pale ulipo. Hewa ya pale tu, lakini. Ubao uliotulia Dar es Salaam, penye unyevunyevu wa bahari, utasinyaa tena Dodoma, au hata katika ofisi ya jijini humo yenye kiyoyozi. Hivyo mbao hukaa wiki kadhaa karakana, na samani ya kwenda mahali pakavu zaidi huhitaji mbao za tanuri, zenye unyevu wa asilimia 8 hadi 12.