Lugha ya Askari Kanisani

Nilifika Lobule mwaka 2014 na watoto wanne, mkeka mmoja, na kitabu cha nyimbo za Kiswahili nilichokifunga ndani ya kitenge. Makazi yetu yalikuwa yamefunguliwa mwaka uliotangulia, hapa wilaya ya Koboko, kwa ajili yetu tuliotoka upande wa Kongo. Wengi wetu ni Wakakwa. Wenyeji wetu pia ni Wakakwa. Kwa hiyo mtu wa nje anaweza kufikiri hapakuwa na shida yoyote: damu moja, lugha moja, ukimbizi wa kuvuka mto tu. Hata mimi nilifikiri hivyo. Jumapili ya tatu nikajua sivyo.

Siku hiyo tulikwenda kusali na wenyeji, katika kanisa lao la udongo na nyasi, mwendo wa kama saa moja kwa miguu. Mchungaji akatuita mbele tuimbe. Tulikuwa kumi na mmoja, akina mama na wasichana. Tukaimba kwa Kiswahili, kwa sababu kati yetu walikuwamo wasiojua Kikakwa, na Kiswahili ndicho kilichotuweka pamoja njiani. Ubeti wa kwanza haujaisha, mama mzee mmoja aliyeketi mbele akainuka, akachukua fimbo yake, akatoka nje. Mwingine akamfuata. Tulimaliza wimbo, lakini sauti zilikuwa zimeshakufa.

Nilirudi nyumbani na hasira. Nikawaambia wenzangu: "Hawa watu hawatutaki. Tujenge kanisa letu." Na kweli tukajenga. Miti minne, turubai juu, chini ya mwembe. Tuliimba Kiswahili tulivyotaka, na kwa miezi mingi hatukukanyaga kwa wenyeji.

Ukweli niliupata kwenye kisima cha pampu. Yule mama mzee alikuja na mjukuu wake, nami nikamsaidia kupiga maji. Tukasalimiana kwa Kikakwa. Nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza: "Mama, siku ile wimbo wetu ulikuwa na ubaya gani?" Akanyamaza mpaka dumu likajaa. Kisha akasema: "Mwanangu, wimbo haukuwa na ubaya. Kiswahili ndicho walichosema waliokuja kumchukua mume wangu. Maneno ninayoyajua ya Kiswahili ni machache tu. Toka. Lala chini. Leta pesa." Akamtwisha mjukuu dumu, wakaenda zao.

Nilibaki pale na ndoo yangu nikiona aibu. Maana mambo hayo niliyajua tangu utotoni. Sikuwa tu nimeyaunganisha na wimbo wetu.

Nieleze kwa vijana waliozaliwa juzi, na kwa ndugu wa mashirika waliotoka mbali. Mwaka 1979 jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni liliangusha serikali ya Idi Amin. Amin alikuwa Mkakwa, na asili ya ukoo wake ni huku Koboko. Watu wa West Nile wote wakabeba jina lake mgongoni, hata wale walioumizwa na serikali yake mwenyewe. Tusisahau kwamba askofu mkuu wa Kanisa la Uganda, Janani Luwum, alipouawa Februari 1977 wakati wa utawala wa Amin, aliyechukua nafasi yake alikuwa Silvanus Wani, Mkakwa wa huku huku. Lakini mwenye hasira hachambui. Mwezi Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walivuka mpaka na kushambulia, na jeshi jipya la serikali likajibu kwa kulipiza kisasi juu ya raia. Vijiji vikachomwa. Tarehe 24 Juni 1981, pale Ombachi karibu na mji wa Arua, askari waliingia katika misheni ya Wakatoliki ambamo maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia, wakaua karibu watu 100. Waliuawa ndani ya ua wa kanisa, mahali walipodhani hapaguswi. Na lugha ya jeshi ilikuwa Kiswahili.

Basi watu wa Koboko na Arua wakakimbia, wengine kwenda Sudani, wengine kuja kwetu Zaire. Hapo ndipo hadithi yangu inapoingia. Mimi nilikuwa na miaka 12, tukikaa upande wa Aru. Usiku mmoja mama alifungua mlango, wakaingia watu saba kutoka Koboko wakiwa na mbuzi mmoja. Walikaa nasi zaidi ya mwaka, mpaka wakapata shamba la kulima. Watoto wao tulilala nao mkeka mmoja. Jumapili tulikwenda nao kanisani, na wale watu walijua nyimbo zetu! Maneno yalikuwa ya lugha nyingine lakini tuni ni ile ile. Nilidhani ni muujiza. Baba akacheka, akasema, "Hapana, waliofundishwa na mwalimu mmoja huimba sawa."

Baadaye nilielewa alichosema. Misheni ya Africa Inland Mission ilianza kazi Kongo mwaka 1912, pale Kasengu karibu na Mahagi, kisha ikapanda kaskazini mpaka Aba. Mwaka 1918 wamisionari wake walivuka wakaingia Arua, wakakaa Mvara. Upande wa Kongo kazi yao ndiyo iliyozaa kanisa tunaloliita CECA. Upande wa Uganda walikubaliana na wamisionari wa CMS, hivyo waumini wao wakawa Waanglikana. Mbegu ni moja, bustani mbili. Na mpaka wenyewe ulikuwa mchanga: nchi hii ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji mpaka alipokufa mwishoni mwa 1909, mwaka 1910 ikaenda Sudani, mwaka 1914 ikawa Uganda. Mzee aliyekaa chini ya mti mmoja muda wote huo angetawaliwa na serikali tatu bila kuinua mguu. Mahali mipaka mitatu inapokutana panaitwa Salia Musala. Sisi hufananisha nchi hizo na mafiga matatu. Ukitoa moja, chungu kinamwagika.

Kwa hiyo yule mama mzee wa kisimani, miaka ile ya 1980, alikuwa mkimbizi kwetu. Labda alipita barabara ya kijiji chetu. Na mimi niliposema "hawa watu hawatutaki", nilimsema mtu ambaye pengine alikunywa uji wa mama yangu. Sijui kama ndiye. Lakini ningeuliza kwanza.

Nilipeleka neno hili kwa mzee wa kanisa letu la mwembe, naye akalipeleka kwa mchungaji wa wenyeji. Mchungaji hakutoa hotuba. Alisema tu, "Tufanye ushirika kama wa zamani." Alimaanisha ule wa Uamsho. Uamsho huo ulianza Rwanda na Uganda ya kusini katika miaka ya 1930, ukafika Arua mwaka 1948 kwa mkono wa daktari Mganda, Eliakim Lubulwa. Waliookoka walihubiri sokoni kwa vipaza sauti vya mkono mpaka wakabandikwa jina la wapiga tarumbeta. Walikuwa na ukali wao, na si kila mtu aliwapenda. Lakini walituachia desturi moja nzuri: mnakaa duara, kila mtu anasema kosa lake mwenyewe, si la jirani. Aliyeiba kuku anarudisha kuku. Asiyesalimiana na mwenzake anasema kwa nini.

Tulikaa Alhamisi moja, watu kama thelathini, nusu kwa nusu. Nilianza mimi. Nikasema nilichowaambia wenzangu siku ile, mbele ya wale niliowasema. Mikono ilikuwa ikitetemeka. Mzee mmoja mwenyeji akasema kwamba alikuwa akituonea wivu, kwa sababu wakimbizi wanapewa mgao wa chakula na yeye, aliyetoa ardhi, anatazama malori yakipita. Kijana wetu akakiri kukata miti ya mtu bila ruhusa. Halafu yule mama mzee akasema kwa sauti ndogo habari za mumewe, kuanzia mbwa waliobweka mpaka asubuhi. Wajukuu wake walikuwapo. Baadaye mmoja wao aliniambia hajawahi kusikia hadithi ile. Miaka zaidi ya thelathini katika nyumba moja!

Hatukumaliza kwa kukumbatiana. Tulimaliza kwa mpango. Tukakubali ibada iwe kwa Kikakwa, na wimbo wa Kiswahili uje mwishoni, na kabla ya kuuimba mtu aeleze unasema nini. Kuhusu miti, kijana alipanda mingine. Kuhusu mgao, hatukuwa na jibu, ila tukakubali kwamba shamba la kanisa tutalilima pamoja na kugawana pamoja. Wengine wetu walikataa mpango wote, na mpaka leo wanasali chini ya mwembe. Siwalaumu. Mtu aliyepoteza nyumba akipata mahali pa kuimba kwa sauti yake, si rahisi kumwambia asubiri mpaka mwisho wa ibada.

Nimefikiri sana juu ya neno hili "kukua katika imani". Nilipokuwa msichana nilidhani ni kujua mistari mingi ya Biblia kwa kichwa, kuimba vizuri, kufunga na kuomba. Mambo hayo ni mema. Lakini kukua kwangu mwenyewe, nikikupimia, ni kutoka ile siku ya hasira mpaka ile Alhamisi. Na sikukua peke yangu. Ilibidi yule mama anivumilie kisimani.

Mafunzo hayo yalikuja kutufaa. Mwaka 2016 vita viliporudi Sudani Kusini, watu wa Yei walimiminika Koboko. Bidi Bidi, kule Yumbe, ilifunguliwa Agosti mwaka huo na kabla ya mwaka kuisha ilikuwa imejaa watu zaidi ya 200,000. Waliokuwa na ndugu walibaki mjini Koboko. Wengine walikuja kusali nasi. Hao walikuwa figa la tatu, nao pia wana historia yao: wazazi wao waliwahi kuwapokea Waganda, kisha wakakimbilia Uganda, kisha wakarudi, kisha hivi tena. Safari hii hatukuanza na wimbo. Tulianza na kuuliza: "Ni kitu gani tusiwafanyie?" Mama mmoja akajibu kwamba tusimpige mtu makofi ghafula nyuma yake. Jambo dogo, lakini nani angejua?

Halafu ukaja mwaka 2020. Mwezi Machi serikali ikafunga makanisa na misikiti kwa sababu ya korona, na Aprili mgao wa chakula ukapunguzwa. Tukabaki na vikundi vya nyumba mbili tatu, tukiomba ukumbini kwa kuachana nafasi. Shamba lile la pamoja ndilo lililotupatia mihogo. Majirani zetu Waislamu, nao wengi huku, walipata sehemu, nao wakatupa mtama. Makanisa yalipofunguliwa tena mwezi Septemba kwa watu wachache wachache, niliwakuta wenyeji ambao zamani wasingeingia nyumba ya mkimbizi, sasa wanajua sufuria yangu iko wapi.

Ndugu wa mashirika, mara nyingi mnatuandalia semina za kuishi kwa amani kati ya wakimbizi na wenyeji. Tunashukuru, soda pia tunashukuru. Lakini mkija, waulizeni kwanza wazee: mwaka 1980 mlikuwa wapi, nani aliwapokea? Nanyi vijana wa makazi, msidhani ukimbizi ni mto unaotiririka upande mmoja, Kongo kwenda Uganda. Hapa umetiririka pande zote. Wanaokumbuka wanapungua kila msimu wa mvua. Kaeni nao baada ya ibada, na daftari.

Yule mama mzee bado yuko. Hajawahi kuimba Kiswahili na simtegemei aimbe. Jumapili nyingi wimbo wetu wa mwisho ukianza, yeye hukaa tu akitazama mikono yake. Siku nyingine huchukua fimbo, hutoka, husimama chini ya mti mpaka tumalize, kisha hurudi kwa ajili ya baraka. Hatumwulizi kitu. Mahali pake hapakaliwi na mtu.