Jicho, Kidirisha na Mpaka wa Picha

Mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya reli ya Saint-Lazare mjini Paris, kijana wa Kifaransa Henri Cartier-Bresson aliipenyeza lenzi ya kamera yake, Leica, katika ufa wa ua wa mbao, akampiga picha mtu aliyekuwa akiruka dimbwi la maji. Picha hiyo ni miongoni mwa zilizosifiwa mno katika karne ya 20. Hata hivyo, ufa ule ulikuwa mwembamba. Ubao ukaziba sehemu ya picha, na baadaye ikabidi sehemu hiyo ikatwe, jambo ambalo mpiga picha huyo hakuwa na desturi ya kulifanya. Kisa hiki chatufunulia tabia ya ukoo mzima wa kamera: mtumiaji hatazami kupitia lenzi, bali kupitia kidirisha kilicho juu yake au kando yake.

Katika kamera za ukoo huo, jicho lina kazi mbili: kupima masafa na kuchagua mpaka wa picha. Masafa hupimwa kwa vidirisha viwili vilivyotengana, ambavyo huleta sura mbili za kitu kimoja. Lenzi huzungushwa mpaka sura hizo zioane zikawa moja. Kadiri vidirisha vinavyotengana, ndivyo kipimo kinavyokuwa sahihi zaidi.

Mwaka huo huo wa 1932, Ujerumani ilitoa mahasimu wawili: Leica II ya Leitz, kutoka Wetzlar, na Contax ya Zeiss Ikon, kutoka Dresden. Zote mbili zilikuwa na tundu moja la kupimia na jingine la kutazamia. Mpiga picha alipima kwanza, kisha akahamisha jicho kwenda kuchagua mpaka. Na katika kitambo hicho kifupi, mtoto aliyekuwa akicheka amekwisha nyamaza. Zeiss waliiondoa adha hiyo mwaka 1936 kwa Contax II, iliyounganisha kazi zote mbili katika tundu moja, na vidirisha vyake vya kupimia vikiwa vimetengana kwa milimita 90 hivi. Leitz hawakuunganisha, mwaka 1938, katika Leica IIIb, walisogeza tu matundu yao mawili yakakaa ubavu kwa ubavu. Contax ndiyo aliyokuwa nayo Robert Capa aliposhuka ufukweni Normandy mwezi Juni 1944. Lakini kidirisha chake kilikuwa kidogo, wala hakikuwa na mistari ya kuonyesha mpaka wa lenzi mbalimbali.

Jawabu la Leitz lilikuja mwaka 1954 kwa jina la M3. Kidirisha chake kilikuwa kikubwa na chenye nuru, kikionyesha vitu kwa kiasi cha 0.91 ya ukubwa wake halisi. Ndani yake ilielea mistari mieupe, iliyojitokeza yenyewe kila ilipofungwa lenzi ya milimita 50, 90 au 135, na iliyosogea kadiri masafa yalivyobadilika, ili kusahihisha tofauti baina ya mahali pa jicho na mahali pa lenzi. La ajabu zaidi ni kwamba nje ya mistari hiyo dunia iliendelea kuonekana. Upungufu wake ulikuwa mmoja: lenzi pana ya milimita 35 haikuwa na mstari, ikabidi itengenezewe miwani yake yenyewe. M2, iliyofuata miaka michache baadaye, iliupata mstari huo kwa kupunguza ukubwa wa sura hadi 0.72. Ukitaka kuona kingi, sharti ukubali kukiona kidogo.

Wajapani hawakuridhika na sharti hilo. Nikon S2 ya mwaka 1954 ilionyesha vitu kwa ukubwa wake kamili, hata mtu akaweza kutazama kwa macho yote mawili wazi. Nikon SP ya 1957 ilihifadhi ukubwa huo kwa lenzi za milimita 50, 85, 105 na 135, ikaongeza kidirisha kidogo cha pembeni kwa zile za 28 na 35. Canon P ilikusanya mistari ya 35, 50 na 100 pamoja wakati wote. Lakini ule wa 35 ulikuwa ukingoni kabisa, na avaaye miwani alitaabika kuuona.

Kisha mwaka 1959 ikaja Nikon F, iliyojengwa juu ya umbo la SP, ila ndani yake kuna kioo kilichomwezesha mtu kutazama kupitia lenzi yenyewe. Kwa kamera hiyo, ule ubao wa Saint-Lazare ungeonekana. Haishangazi kwamba waandishi wa habari wengi waliihamia. Lakini pana kilichopotea. Katika kamera ya kioo, ukingo wa picha umezungukwa na giza, na katika nukta ya kupiga, kioo huinuka na jicho likazibwa. Mwenye M3 alikuwa akimwona anayekaribia kuingia na anayeachwa nje. Mpaka aliuweka huku akijua.

Picha ni ushahidi, na ushahidi wowote una yaliyoachwa. Kwa hiyo, tuzitazamapo picha za zama zile, za soko, za bandari au za vita, haitoshi kuuliza nani yumo. Tuulize pia: aliyezipiga alikuwa akimwona nani, upande wa pili wa ule mstari mweupe?