Kona 20 za Gorode

Mabasi yanayoleta wakimbizi wenzetu kutoka mpaka wa Songwe hupita Karonga, Chilumba na Chitimba, kisha huanza kupanda mlima wa Chiweta kuelekea Mzuzu. Abiria wakifika hapo huwa wamechoka, wengi wana watoto magotini, na mawazo yao yako mbele, kwenye kambi ya Dzaleka. Ni wachache wanaotazama kulia pale Chitimba, ambako njia ya vumbi inaachana na lami na kuelekea moja kwa moja kwenye ukuta wa mlima. Njia hiyo inaitwa Gorode. Inapanda hadi Livingstonia, kwenye uwanda wa Khondowe, na ndiyo barabara ninayotaka kuisimulia hapa, kwa sababu imenifundisha historia ambayo miaka yangu ya ualimu haikunifundisha.

Uvira, kwetu kwenye ziwa Tanganyika, nilikuwa mwalimu wa historia. Hapa Lilongwe, Malawi, nakaa Area 25, kando ya barabara kuu ya kaskazini, na riziki yangu ni pikapu ya Hilux ya zamani. Nabeba soya, viazi na mbao kati ya masoko ya jiji na Dowa, na bidhaa za maduka ya ndugu zetu walioko Dzaleka, gereza la zamani lililogeuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Mizigo ya kaskazini ikipatikana, sikatai. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuipanda Gorode.

Kuielewa Gorode kunataka kuanzia kaskazini zaidi, kwenye barabara nyingine iliyounganisha ziwa langu na ziwa hili la Nyasa. Mwaka 1881 mfanyabiashara wa Glasgow, James Stevenson, alitoa fedha ili ikatwe njia kutoka Karonga hadi ncha ya kusini ya ziwa Tanganyika. Mhandisi aliyeanza kazi hiyo, James Stewart, alifariki mwaka 1883, na njia haikumalizika kama ilivyopangwa. Hata hivyo, ndiko vilikopita vipande vya Good News, meli ya mvuke ya wamisheni wa London Missionary Society. Vilivushwa Nyasa, vikapandishwa milimani na wapagazi, vikaungwa upya, na meli ikashushwa majini mwaka 1885. Mabamba ya chuma yaliyokuja kuelea kwenye ziwa la utoto wangu yalipita kwanza mabegani mwa watu wa upande huu. Leo watu wa ziwa Tanganyika tunateremka kwa njia hizo hizo kuja kuomba hifadhi, na tunapokelewa na wajukuu wa wapagazi wale.

Siwezi kuisimulia habari hii kwa Kiswahili nikamruka Mlozi. Alikuwa mfanyabiashara Mswahili aliyejenga boma karibu na Karonga, akafanya biashara ya pembe za ndovu na ya watu. Vita vyake na kampuni ya African Lakes vilianza mwaka 1887, na mwisho wake ulikuwa Desemba 1895, Waingereza walipomnyonga. Karibu na kilele cha Gorode yapo maporomoko ya Manchewe, yenye kimo cha zaidi ya mita 100, na nyuma ya maji kuna pango. Wenyeji husema wazee wao walijificha humo wakati wa mawindo ya watumwa. Nikiwa mtu wa lugha hii, nasikiliza maneno hayo kwa adabu, kwani miongoni mwa waliokuwa wakikimbiwa walikuwamo wasemaji wa Kiswahili.

Misheni ya Livingstonia, ya Kanisa Huru la Scotland, ilianza mwaka 1875 Cape Maclear, kusini mwa ziwa. Malaria iliwaua vijana wao, wakahamia Bandawe mwaka 1881. Malaria ikawafuata. Mwaka 1894 Dkt. Robert Laws alipanda Khondowe akapata alichokuwa akikitafuta: baridi, maji yanayotiririka mwaka mzima, na umbali na mbu wa ufukweni. Ziwa liko karibu mita 470 juu ya usawa wa bahari, na misheni iko karibu mita 900 juu zaidi. Kimo hicho kiliwaokoa wamisheni, lakini kilimtwika mzigo mtu mwingine. Misumari, vioo, vitabu, mashine ya kuchapia, mabomba ya maji na mtambo wa umeme vilikuja kwa meli hadi ufukweni, na kutoka ufukweni havikuwa na njia nyingine ila kichwa na bega.

Hata watu walibebwa. Wazungu wa Nyasaland, Malawi ya kikoloni, walisafiri kwa machila, kitanda cha turubai kilichoning'inizwa kwenye mti mrefu, na wanaume wakikibeba kwa zamu. Mwanzoni mwa karne ya 20 misheni ilichonga barabara ya kupanda kwa kupindapinda, ukuta ulipokataa kupandwa moja kwa moja. Ilichimbwa kwa jembe, sururu na mikono. Magari yalipokuja kuingia nchini, yalikuta njia imekwisha kushindiliwa na nyayo.

Huko juu palikuwa na shule, na ilivuta vijana kutoka mbali, wengi wao kwa miguu. Clements Kadalie, aliyekuja kuongoza chama kikubwa cha wafanyakazi weusi Afrika Kusini, alisomea hapa. David Kaunda naye alisomea hapa kabla ya kutumwa Chinsali, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mwanawe Kenneth, aliyezaliwa huko mwaka 1924, ndiye rais wa kwanza wa nchi hiyo. Nikiwa kwenye usukani nawaza vijana hao na vifurushi vyao vya chakula wakipanda mlima ule ule. Kwao elimu ilianza na goti linalouma.

Sasa niwapandishe kwa gari. Pale chini nasimama kwanza. Natazama maji ya rejeta na oili, nasogeza mzigo mbele ya bodi ili pua ya gari isiwe nyepesi, na kufunga kamba upya. Kona kali ziko 20 hivi, nazo zimewekewa namba. Kwingi ni udongo na mawe yaliyolegea. Kwenye baadhi ya mapindo makali wamemwaga zege. Naingiza gia nzito ya magurudumu manne, kisha ya kwanza, na mguu hautoki kwenye mafuta mpaka nifike kwenye pindo. Kila kona napiga honi, kwa kuwa anayeshuka hanioni nami simwoni.

Utingo wangu ni mtoto wa dada yangu. Zipo kona ambazo Hilux haizimalizi kwa mkato mmoja. Naingia kutoka upande wa nje kabisa, tairi likiwa jirani na bonde, nakata usukani wote, na bado pua inaelekea kwenye mwamba. Hapo kijana anaruka chini na jiwe lake la ukubwa wa tofali, analiweka mahali ambapo tairi la nyuma halitakiwi kupita hata kidogo. "Njoo, mjomba, njoo, njoo, basi!" Narudi taratibu mpaka nihisi tairi limeligusa jiwe. Navuta breki ya mkono, naachia klachi kidogo hadi gari litetemeke, kisha naishusha breki. Gari linasonga mbele, kijana anaokota jiwe lake na kukimbia nyuma yetu hadi mahali penye tambarare kidogo. Tunaposhuka, gia ni ile ile tuliyopandia. Anayeteremka Gorode kwa kutegemea breki tupu atasikia harufu yake kabla ya nusu ya njia, na harufu hiyo ikija, dawa ni kusimama na kusubiri zipoe.

Kati ya kona na kona kuna njia za miguu zinazokata mlima wima. Huko hupita akina mama kutoka ufukweni wakiwa na beseni za usipa waliokaushwa, dagaa wa ziwa hili, na wengine wakishuka na ndizi au kahawa ya milima ya Wapoka. Tukiwa bado tunahangaika na kona moja, tunawaona wametutangulia juu. Mzee mmoja niliyempa lifti alinionyesha mwanamke wa namna hiyo akasema, "Adada," yaani baba, "gari lako ni zuri, lakini mlima huu bado unabebwa kichwani." Ni kweli. Upagazi haukuisha siku gari la kwanza lilipopanda. Uliisha kwa wale waliopata gari tu.

Barabara inaposhindwa kupitika, ndipo inapojulikana thamani yake. Machi 1959, hali ya hatari ilipotangazwa Nyasaland na misheni isifikike kwa barabara, ndege ilidondosha ujumbe Livingstonia kuwauliza wamisheni kama wanataka kuondolewa. Walijibu kwa kupanga mawe chini, yasomeke kutoka angani: Waefeso 2:14, aya inayohusu ukuta uliobomolewa kati ya watu wa pande mbili. Walikuwa wamechagua kubaki na wenyeji wao. Mawe hayo yamehifadhiwa mpaka leo, na kila mgeni huonyeshwa.

Nayaheshimu mawe hayo. Lakini nimepita pia kwenye Nyumba ya Mawe ya Dkt. Laws, ambayo sasa ni makumbusho, nikatoka na swali la mwalimu. Tunalijua jina la daktari, la tajiri wa Glasgow na la mhandisi aliyefia kazini. Aliyepandisha mtambo wa umeme ni nani? Aliyekuwa mbele ya machila, upande wa bonde, alitoka kijiji gani? Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, watu wa Nyasaland wanaokadiriwa kufika 200,000 walitumika kama askari na wapagazi, wanaoitwa hapa tenga-tenga, na wengi wao walipita kaskazini hii hii. Wapagazi wengi hawana hata kaburi lenye jina.

Jambo hili linanigusa kwa sababu nalijua kwa mwili wangu. Mkimbizi husafirishwa. Hupakiwa, huhesabiwa, hushushwa. Hachagui kona wala mwendo. Siku nilipofika juu ya Gorode na gari langu mwenyewe, nikazima injini mbele ya kanisa la matofali na kuliona ziwa chini yangu, nilihisi hadhi yangu imenirudia. Na papo hapo nilijua kwamba sikuipata peke yangu. Kila pindo nililolishika lilichimbwa na mtu aliyepanda akiwa amebeba, wala hakuruhusiwa kupanda akiwa amekaa.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wa Karonga, Chitimba, Rumphi na kwetu Dzaleka. Wajukuu wa wapagazi bado wako hai, na baadhi yao ni wazee sana. Mwenye babu au bibi aliyebeba mzigo kwenye milima hii aandike mambo matatu: jina lake, kijiji chake, na alichobeba. Apeleke nakala kwenye makumbusho ya Livingstonia na nyingine kwenye shule iliyo karibu naye. Mimi nimeanza kuwauliza abiria wangu wa Chitimba, na majibu nayaandika kwenye daftari la mizigo, ukurasa wa nyuma. Watoto wetu wa kambini wanasoma historia ya nchi iliyowapokea. Wasome na majina hayo, ili siku watakaposhika usukani wao wajue wanapita juu ya kazi ya nani.