Usitazame Kichwa cha Mfalme, Igeuze Sarafu

Watu wengi wakishika sarafu kuukuu ya Uingereza hutazama kichwa kwanza: mfalme gani huyu, mwaka gani? Mimi nimejizoesha kuigeuza. Sarafu zangu si nyingi na nyingine ukimpa muuza karanga atakucheka. Lakini upande wa pili kuna bustani, na bustani hiyo imejaa siasa.

Chukua ile ya peni sita ya 1953, mwaka aliotawazwa Malkia Elizabeth II. Mimea minne imesukwa kama shada: waridi la England, mbaruti wa Scotland wenye miiba, shamroki ya Ireland yenye vijani vitatu, na liki ya Wales, ndugu yake kitunguu. Hapo Wales imekaa sawa na wenzake. Sasa itafute kwenye ngao ya kifalme. Utaona simba wa England, simba wa Scotland na kinubi cha Ireland. Wales hakuna kitu! Iliunganishwa na England kwa sheria za 1536 na 1543, ikahesabiwa imekwishamezwa. Ngao ilimnyima nafasi, kitunguu kikampa.

Pauni ya duara ilipoanza mwaka 1983, mchongaji Leslie Durbin alipewa kazi ya mimea. Mbaruti ukatoka 1984, liki 1985 (ukingoni mna maneno ya Kiwelisi kutoka wimbo wa taifa wa Wales, jambo ambalo si dogo), na mwaloni wa England 1987.

Hapo katikati, 1986, ilikuwa zamu ya Ireland ya Kaskazini. Wengi wangetarajia shamroki. Ikachorwa kitani! Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote. Shamroki ni alama ya kisiwa kizima, na miaka hiyo watu walikuwa wakiuana Belfast kwa swali hilo hilo: kisiwa ni kimoja au viwili? Kitani hakikuuliza swali. Kilikuwa kazi, kilikuwa nguo, na viwandani walisuka Wakatoliki na Waprotestanti. Bunge lililozaliwa na makubaliano ya amani ya 1998 nalo lilichagua maua sita ya kitani kuwa nembo yake.

Pauni ya duara ilikoma kuwa fedha halali tarehe 15 Oktoba 2017. Iliyoichukulia nafasi ina pande kumi na mbili, imechorwa na David Pearce akiwa kijana wa miaka 15, na shamroki imerudi, inachipua kwenye shina moja na waridi, liki na mbaruti.

Umbo hilo la pande kumi na mbili si geni. Lilikuwa la peni tatu ya shaba ya njano ya 1937, ninayoipenda kuliko zote. Mchoro ni wa mwanamama Madge Kitchener: ua dogo la miamba ya pwani liitwalo thrift, neno ambalo kwa Kiingereza ni pia kubana matumizi na kuweka akiba. Halina taifa. Huota England, Scotland, Wales na Ireland bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 1953 waliling'oa, wakachora lango la ngome lenye minyororo.